Mlima Ukae Juu

Barabara imenichosha. Naliweka wazi jambo hili mwanzoni, asije mtu akasoma hapa akitarajia raha za safari. Nimeendesha gari la kukodi mjini Kasese tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi, gari kuukuu linalovuta kwa magurudumu yote manne, na kazi yangu ni zile njia ambazo magari ya watu wenye akili hayaendi: njia za kahawa nyuma ya Kitswamba, njia za chumvi kule Katwe, njia za maharage juu ya Bwera. Mgongo wangu nimeuacha kidogo kidogo kwenye mawe ya huko. Siku hizi nikishuka garini nasimama kwanza nimeshika mlango, nangoja miguu ikubaliane nami.

Watu hudhani dereva ndiye ajuaye njia. Mimi sikuwahi kuzijua. Babu yangu aliletwa huku na biashara. Sisi ni watu wa dukani na wa lami, Kiswahili tumelelewa nacho, na milima naiona kama mgeni anavyoiona, mizuri ikiwa mbali. Mwenye kujua njia ni mke wangu. Yeye alizaliwa kwenye mgongo wa kilima juu ya Kitswamba, kwa wakulima Wakristo wa kahawa, na aliposilimu ili tuoane baba yake alininunia msimu mzima wa mavuno, kisha akachoka kununa akaniomba nimbebee magunia. Tangu hapo tumefanya kazi pamoja. Yeye hununua kahawa kwa akina mama wa huko juu, mimi naibeba. Yeye hukaa kiti cha mbele upande wa kushoto, mkoba mapajani na mwavuli kati ya magoti, ananiambia tupite wapi.

Lakini hasemi kushoto wala kulia. Kwao njia haielezwi hivyo. Kuna juu, yaani kule mlima uliko, na kuna chini, yaani kule kwenye tambarare na ziwa. Panda, shuka, panda kidogo, usishuke bado: ndivyo alivyoniongoza miaka yote. Hajali kama gurudumu lenyewe linateremka bondeni. Maadamu pua ya gari imeelekea mlimani, kwake hiyo ni kupanda. Hata nyumbani chumvi inakaa upande wa juu wa kabati, na mimi nalala upande wa chini wa kitanda. Mwanzoni nilimcheka sana. Baadaye nikazoea, hata ikawa lazima nifikiri kabla ya kujua mkono wangu wa kulia ni upi.

Na njia zenyewe hazitulii. Mvua ikinyesha huko juu, mto unashuka na mawe yake na kula unachokikuta. Njia uliyopita msimu huu, msimu ujao ni korongo. Mke wangu alikuwa na habari zote. Alizipata kwenye maturubai ya kuanikia kahawa, misibani, sokoni, kwa wanawake wenzake waliokuwa wamepita kwa miguu. Sikuwahi kumuuliza, "Una hakika?" Ningeanzaje?

Siku iliyonitia hofu ilikuwa siku ya jua kali, wala hapakuwa na sababu ya mtu kupotea. Tulikuwa tunatoka nyuma ya kilima cha kwao, gari limejaa magunia. Tukafika njia inapogawanyika, akasema, "Shuka." Nikashuka. Njia ikazidi kuwa nyembamba, majani yakapiga milango, kisha nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote kwa sababu mbele hapakuwa na kitu. Daraja lilikuwa limechukuliwa na mto, tena si jana. Vichaka vilikwisha kuota juu ya mawe yaliyobaki. Na mimi nilikuwa najua limechukuliwa, kwa kuwa yeye ndiye aliyeniletea habari. Alirudi nyumbani siku hiyo ana tope hadi magotini, akasema mto umekula daraja, kuanzia sasa tutazunguka juu. Tangu hapo tulikuwa tukizunguka juu.

"Daraja imeenda wapi?" akaniuliza.

"Mto ulilichukua, Mama. Zamani."

"Na mbona hukuniambia?"

Ikabidi nirudi kinyumenyume hadi njia panda, mlima upande mmoja, shimo upande wa pili. Naye pale kitini akaanza kuimba polepole wimbo wa kanisani wa utoto wake, ambao sikuwahi kumsikia akiuimba tangu tuoane. Niliukasirikia mto. Nilimkasirikia na yeye, kama kwamba amefanya kusudi, na hasira hiyo ilikaa nami mpaka tulipofika lami. Pale Kitswamba nikasimamisha gari, nikamnunulia ndizi za kuchoma, akanimenyea moja kama alivyofanya siku zote, na hasira ikaniisha nikabaki na uchovu tu.

Daktari alimpima, akamuuliza maswali ya kitoto. Akatuambia ni ugonjwa wa kusahau, hauna haraka lakini haurudi nyuma. Binti yetu wa kwanza, ambaye ni mwalimu na hupenda mambo yaishe siku hiyohiyo, akatoa hukumu kabla hatujafika nyumbani. "Baba, Mama abaki nyumbani. Wewe nunua GPS."

Nilijaribu kumtii binti yangu. Nikamwacha mke wangu nyumbani, na kila siku ikawa vita. Nikimaliza sala ya alfajiri namkuta amekwisha kukaa garini, mkoba mapajani, mwavuli kati ya magoti. Namshusha kwa maneno ya uongo: leo gari linakwenda gereji, leo nabeba matofali tu. Siku moja niliondoka akiwa bafuni. Jirani yetu alimkuta mchana amesimama kando ya barabara kuu, anasimamisha malori na kuwauliza madereva kama wameliona gari lake. Niliporudi hakunigombeza. Alisema tu, "Uliniacha." Nimegombezwa na wanajeshi kwenye vizuizi, nimegombezwa na matajiri wa kahawa, lakini hakuna lililowahi kuniumiza kama neno hilo.

Basi nikapiga moyo konde. Mke wangu atakaa kiti chake mpaka yeye mwenyewe akikatae. Lakini yeye ndiye ramani, na ramani inafutika, na magunia, na yeye, na mimi, sote tusije tukaishia mtoni. Ndiyo sababu nilianza kutafuta hicho kifaa. Niliambiwa ni jambo jepesi, unaingia dukani, unachagua, unatoka.

Nilianza na simu, kama kila mtu. Ina ramani ndani yake, akasema binti yangu, hata mtandao ukikatika. Huko milimani nilikuta mambo mengine. Ikikaa kwenye dashibodi juani inapata homa na kuzima yenyewe. Ukiigusa kwa kidole chenye tope haikujui. Ukikaribia Bwera inashika mtandao wa Kongo na kukukaribisha nchi nyingine, saa inabadilika, na wewe hujatoka hata nje ya shamba la mtu. Tena mtu akipiga simu, ramani inakimbia inamwachia nafasi. Nilikuwa kwenye mteremko wenye utelezi, natafuta njia, mbele yangu ikatokea picha ya muuza matairi ananidai salamu. Simu nikairudisha mfukoni.

Duka la vifaa vya magari pale mjini lilikuwa na GPS kubwa, skrini kama sahani ya pilau. Mwenye duka aliifuta vumbi kwa mkono wa shati.

"Mzee, hii ndiyo namba moja," akasema. "Hii inasema yenyewe. Wewe unakaa tu, inakuambia kata hapa, kata pale."

"Inasema lugha gani?"

"Kizungu. Lakini Kizungu kidogo tu, mzee. Lefti na raiti."

Aliniruhusu niijaribu kwanza, maana ananijua. Nilikuwa na safari ya Katwe, kuchukua chumvi kwa akina mama wanaoikusanya pale ziwani, nikaibandika kiooni na mke wangu akapanda kama kawaida. Tulipotoka mjini tu, sauti ya mwanamke ikasema jambo. Mke wangu akageuka nyuma kuangalia nani kapanda.

"Nani huyo anasema?"

"Ni mashine. Inasaidia njia."

Ile sauti ikaendelea, tulivu, haina haraka, mwanamke asiyejua njaa wala jasho. Tulipofika Kikorongo ikatuambia tukate, na mke wangu, ambaye miaka yote hapo husema, "Shuka, mzee, lakini tununue nyanya kwanza," hakusema kitu. Nyanya hatukununua. Baada ya lami kuisha, kwenye vile vijia vya tambarare vinavyogawanyika na kukutana tena kama nyuzi za mkeka, sauti ilichanganyikiwa, ikawa inatuambia turudi, turudi, turudi. Nikaizima kwa ngumi. Mke wangu aliangalia nje mpaka Katwe, mikono juu ya mkoba.

Chumvi ilipopakiwa, nikazunguka kupanda, nikakuta kiti cha mbele kitupu. Alikuwa amekaa nyuma, amebanwa kati ya magunia.

"Mama, njoo mbele."

"Mwenye kusema ndiye anakaa mbele," akajibu. "Mimi nitasema nini sasa?"

Nilimbembeleza juani mpaka akina mama wa chumvi wakaacha kazi wakatuangalia. Hakuja. Tulirudi Kasese hivyo, yeye nyuma kama mzigo, mimi mbele peke yangu na lile sahani la pilau limezimwa. Nililirudisha dukani jioni ile. Mwenye duka akaniuliza ubaya wake nini. Nikamwambia linasema sana. Akacheka, akadhani natania.

Kwa hiyo nikawa najua ninachotafuta: kifaa bubu. Kiwe kidogo, nikifiche. Kiwe na vibonye vya kubonyeza hata kwa mkono wa tope, kitumie betri za tochi zinazopatikana kila kibanda, skrini yake isomeke juani. Kishike njia niliyopita na kuichora, maana ramani za kununua hazina njia zetu. Ukiziangalia, kati ya Kitswamba na theluji ya kilele cha mlima ni weupe mtupu, kama kwamba hakuna anayelala huko.

Nilikipata kule mpakani, upande wetu wa Bwera, kwa mama mmoja Mkongomani anayeuza redio, tochi na vidude vilivyovuka mto kwa njia ambazo sikuuliza.

"Baba, unatafuta apareyi ya namna gani?"

"Isiyosema."

"Isiyosema?"

"Isiseme hata neno moja."

Aliniangalia kama ananihurumia, akachakura sandukuni. "Basi iko hii. Iko bubu kabisa. Ilikuwa ya batu ba kupima udongo, bakaenda kwabo, bakaiacha. Hata mikono iko na potopoto, na matope yote, itasikia tu. Ukiangusha, haikufi."

Akaiangusha kweli, sakafuni, kunionyesha. Haikufa. Tukatoka nje, akaiwasha, ikatafuta setilaiti zake kwa muda wa kikombe cha chai, kisha ikachora: huku mto, huku barabara, na mlima juu, kama unavyotakiwa kukaa. Nikaridhika. Nikaifunga kwa mpira upande wangu wa mlango, chini ya goti la kulia, mahali mtu wa kiti cha kushoto haoni.

Nilipofika Kasese kikawa kimeharibika. Mlima ulikuwa umelala ubavu. Milima imesimama pale mbele ya macho yangu, juu, palepale Mungu alipoiweka, na kifaa kinasema iko pembeni, mkono wa kushoto wa skrini. Nikakipiga. Nikakizima, nikakiwasha. Mlima ukabaki umelala. Nikasema moyoni, ndiyo, nimeuziwa mzoga. Safari yangu iliyofuata ya Bwera nikamrudishia yule mama, nikamwambia chombo chako kimeanguka mara moja zaidi ya inavyofaa.

Yule mama akakiwasha palepale nje ya kibanda. Mlima ukawa juu.

"Baba, iko muzuri. Angalia, mulima iko juu."

"Kasese umelala."

Alikitikisa, akakisikiliza sikioni. Akamwita jirani yake, fundi wa redio, mtu wa milima hiihii. Fundi naye akakubali kwamba chombo cha kulaza mlima hakiwezi kuwa kizima, huenda maji yaliingia. Tukakiweka juani kikauke, sisi watu wazima watatu, tukinywa chai tukikiangalia. Kilipokauka mlima ulikuwa bado juu, wote tukafurahi, nikakirudisha Kasese, na mlima ukalala tena.

Ni binti yangu aliyenieleza, na hakuificha furaha yake. "Baba, juu ya mashine si mlima. Juu ya mashine ni kaskazini. Bwera mlima uko kaskazini. Hapa Kasese uko magharibi."

"Nani aliamua hivyo?"

"Dunia nzima, Baba."

Alinionyesha mahali pa kubadilisha ili ramani izunguke na gari. Nikajaribu. Kila kona ikazunguka kama chapati kwenye kikaango, nikasikia kichefuchefu. Nikairudisha ilivyokuwa. Nikaamua kuinamisha kichwa, basi. Shingo ikauma, ikaongezwa kwenye orodha ya vinavyouma.

Kilichofuata hakikuwa kazi ya siku moja. Mke wangu alikuwa na siku zake nzuri, na bado anazo chache. Siku nzuri nilikuwa naijua asubuhi, kwa namna anavyofunga kilemba chake. Siku hizo nilimchukua kwenye njia moja moja, hata kama hapakuwa na kahawa ya kubeba, nikisema kuna mtu ameniita. Nabonyeza kibonye chini ya goti, tunaondoka. Yeye anasema panda, shuka, hapa usipite, hapa kulikufa ng'ombe wa mjomba wangu, panda. Kifaa kinachora kimya. Nikirudi nyumbani nakiangalia peke yangu chooni, mistari myembamba kwenye ule weupe. Kila mstari umetoka mdomoni mwake. Ningependa kusema nilijivunia. Nilijisikia kama mtu anayehamisha vyombo vya nyumba ya mwenzake wakati mwenyewe bado amekaa ndani.

Na uchovu wa kazi hiyo sijui niuelezeje. Nikivaa miwani ya kusomea naona skrini sioni shimo. Nikivua naona shimo sioni skrini. Mguu kwenye breki, jicho gotini, sikio kwake, na juu ya yote uso wa mtu asiyeficha kitu. Nyumbani ni hivyohivyo: sijala mimi, umekula Mama, watoto wako wapi, watoto ni watu wazima Mama. Kuna jioni niliomba tu siku iishe.

Siku iliyobadilisha mambo tulikuwa juu ya Kitswamba tena, mvua imetoka kunyesha, na ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba. Mlima hauonekani. Hakuna juu wala chini, ni weupe tu pande zote, ule weupe wa ramani za kununua. Tukafika palepale njia inapogawanyika, penye lile daraja.

"Shuka," akasema.

Nikaangalia gotini. Mstari ulipanda. Nikapanda, nikiombea ukungu umzuie asione.

Kisha akasema, "Umepanda."

"Njia ya chini ina utelezi leo, Mama."

"Mzee." Hakuwa na hasira. Sauti yake ilikuwa imechoka kama yangu, na hilo sikuwahi kulifikiria, kwamba naye amechoka. "Hiyo kitu iko chini ya goti yako, inasema nini?"

Nikasimamisha gari. Injini ikabaki inanguruma.

"Unaiangalia kila siku," akasema. "Mimi nasahau. Sijapofuka."

"Haisemi kitu," nikamwambia. "Niliitafuta isiyosema."

"Nipe."

Nikafungua mpira, nikampa. Alikishika kwa mikono miwili, akakisogeza mbali na uso wake. Mstari mweusi, na ule mshale mdogo ambao ni sisi. Alikunja uso.

"Mbona mulima imelala?"

Kabla sijaanza hadithi ya kaskazini na dunia nzima, alikizungusha mkononi, ubavu ukawa kichwa. Mlima ukakaa juu. Miezi yote ile nilikuwa nimekunja shingo, nimekipeleka Bwera kurudishwa, nimekianika juani, na wala haikuwahi kunijia kwamba kitu kinachoshikika mkononi mtu anaweza kukigeuza.

"Sasa imekaa," akasema. Aliufuata ule mstari kwa kidole, polepole, akipita kwenye kona ambazo anazijua na ambazo hazijui tena. "Njia hii nani alichora?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Wewe ulikuwa unasema, yenyewe inaandika."

Matone yalikuwa yanaanguka juu ya bati la gari kutoka kwenye miti. "Basi nilikuwa najua," akasema.

"Ulikuwa unajua, Mama. Yote."

Nililia pale, siwezi kusema vingine. Si sana, mtu wa umri wangu halii sana, pua tu inajaa na miwani inakuwa haina kazi. Yeye hakuniangalia. Aliweka mkoba chini miguuni, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya, akakiweka kifaa mapajani mahali pa mkoba, mlima juu.

"Panda," akasema. "Bado kidogo, ndiyo tushuke."

Tangu siku ile ndivyo tunavyosafiri. Mimi naendesha, yeye anashika. Miwani yangu ni ya barabara tu. Binti yetu husema ni hatari kumwachia mgonjwa, naye ana haki ya kuogopa, lakini mpaka leo hajasoma vibaya. Mstari upo, mshale upo, na mlima anaukalisha mwenyewe. Betri zikiisha ndipo anapopata wasiwasi, kwa hiyo nabeba nyingi kuliko ninavyobeba dawa zangu. Nimewaambia wateja wangu kwamba nitaacha kazi hii hivi karibuni. Nimewaambia hivyo kwa muda sasa. Nisipoiacha si kwa kuipenda.

Siku nzuri zimepungua. Kilemba namfunga mimi, nami si hodari. Wimbo wa kanisani anauimba wote, beti zote, mahali pa dua anazozisahau, na mimi namwitikia pale ninapoweza. Mungu anatuelewa sote wawili. Kuna siku ananiita Baba. Kuna siku ananiita dereva.

Juzi tulikuwa tunashuka na kahawa, siku ya dereva. Alikuwa ameshika kifaa chake, mkao wa heshima, kama mtu aliyepewa lifti na asiyetaka kumsumbua mwenye gari.

"Dereva," akasema, "uko na bibi?"

"Ninaye."

"Anajua uko huku juu?"

"Anajua."

Akaangalia skrini, akaangalia njia, akarudi kwenye skrini.

"Basi shuka polepole," akasema. "Iko korongo hapo mbele. Huyo bibi anakungoja."

Nikatia gia ndogo, nikashuka polepole.